Ilikuwa Maji Tu

Kikombe cha kwanza Amisa alikinywa amegeukia ukuta, kama mtoto anayeiba sukari. Cha pili kilimkwama kooni. Nje, karibu na mlango wa jikoni, mama mkwe wake Bi Fatu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi akichagua maharagwe ya futari, na kila kikombe kilipogonga ndoo, yeye alikohoa. Hakuwa na kikohozi yule mama. Ramadhani ilikuwa imeshika, nyumba nzima ya Nasoro imefunga, na mke wa Nasoro anabugia maji jua limeshatoka!

"Kunywa tu," Nasoro alimwambia mke wake kwa sauti ya chini. "Mwalimu Assumani wa musikiti alisema mugonjwa iko na ruhusa. Utalipa nyuma."

"Shikatale kunywa. Lakini mama yako anahesabu."

"Aache ahesabu."

Alisema hivyo kwa kuwa mama yake hakusikia. Nasoro alikuwa dereva wa lori la Kampuni ya migodi, mwanaume wa kuteremsha mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe kwenye barabara ya mashimo bila kupepesa jicho, lakini mbele ya mama yake alikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi. Na Bi Fatu kuhesabu alijua. Kila Ramadhani alimchunga mkaza mwana wake, na Amisa alipoacha kufunga kwa sababu ya siku zake za mwezi, kama dini inavyomtaka kila mwanamke, Bi Fatu aliipokea habari hiyo kama matokeo ya mtihani. Hakuna mimba. Mwaka hadi mwaka mtihani ule ule, na matokeo yale yale. "Bamama bengine banafunga mwezi yote mpaka Idi," alipenda kusema akiosha sufuria, hasemi na mtu. "Juu tumbo iko na muntu. Huku kwetu tunakulaka tu."

Halafu mwaka ule tumbo likavimba kweli. Bi Fatu akafurahi, akaanza kufuma kofia ndogo ya sufi, mpaka ilipoonekana kwamba tumbo limeegemea upande mmoja na siku za mwezi bado zinakuja. Kofia ikaachwa na nusu yake. Daktari mpasuaji wa hospitali ya Kampuni alilibonyeza tumbo lile, akamweleza Nasoro bila kuzunguka.

"Ni uvimbe, ku mufuko ya mayai ya uzazi. Sasa sikia. Kama ndani muko mayi tupu, natoa ule uvimbe peke yake, bibi yako atazala. Kama ndani muko nyama, natoa yote, mpaka nyumba ya mutoto, juu nyama ya vile inauaka. Kwa mikono shiwezi kujua. Muende kwanza ku ekografi, ile mashine ya kuangalia mu tumbo, itatuambia."

Basi hapo ndipo palipolala kila kitu: maji au nyama. Mashine ilikuwa imefika hospitalini hivi karibuni, ya kwanza watu wa Likasi kuisikia, na sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa aje amekunywa maji mengi na asikojoe. Kwa nini, hakuna aliyewaambia. Walipewa amri, na mfanyakazi wa Kampuni amri alizizoea.

* * *

Hospitali ya Kampuni ilikuwa na ukuta mmoja na milango miwili. Mmoja ulikuwa wa wakubwa na wake zao, una pazia. Mwingine ulikuwa wa wafanyakazi, una benchi. Nasoro na Amisa walikaa kwenye benchi, chini ya picha ya Rais, pamoja na mzee mmoja aliyefungwa bendeji shingoni.

Muuguzi aliyeitwa Hélène alitokea na jagi, akamwita Amisa mwananchi kwa Kifaransa, kama Serikali ilivyoagiza. "Citoyenne, ulikunywa mayi?"

"Nilikunywa, mama. Mingi."

"Haitoshe. Ongeza hii. Kunywa yote."

Amisa akanywa yote. Akakaa. Baada ya muda akaacha kuongea. Baada ya muda mwingine akaanza kujisogeza, mara hivi, mara hivi, huku ameushika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Uvimbe unakandamiza kutoka juu, maji yanasukuma kutoka ndani. Mwenye mwili mzima hawezi kuyajua mateso hayo. Nasoro akaenda kwa Hélène, akavua kofia, akauliza kwa adabu kama wamekaribia kuitwa.

"Bado mutu moya tu," Hélène alisema.

Mtu huyo mmoja aliingia kwa mlango wa pazia. Alikuwa Mama Clémentine, mke wa mkurugenzi msaidizi, mwanamke mnene, mwenye kucheka, amevaa kitenge kipya cha chama cha Rais, mimba imemtangulia. Hakuwa mgonjwa. Alikuja kutazama kama safari hii ni mtoto mwanaume. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee. Mama Clémentine alipishwa na mlango wa chumba cha mashine ukafungwa.

Sikia sasa. Kutoka ndani kilikuja kicheko. Halafu kimya. Halafu sauti ya Mama Clémentine: "Docteur, rudia, shikuona muzuri! Dada yangu naye aone!" Kicheko tena. Mashine ikarudiwa. Dada yake akaona. Wakarudia tena, ili wahakikishe kwamba kile walichokiona ndicho kile kile.

"Nasoro," Amisa alisema, meno yameumana. "Naenda ku choo kidogo."

Hélène alimsikia. "Ukienda choo, usirudi hapa. Nitakuandika mwezi unakuya."

"Mama, naomba. Nusu tu. Nitabakisha ingine."

"Muntu anabakishaka mukojo? Weye, vumilia! Bamama benzako banavumilia."

Akavumilia. Ya Rabi, alivumilia mwanamke yule, mpaka jasho likamtoka katika baridi ya mwezi wa tano. Kisha mwili ukakataa. Hakulia. Nasoro alisikia tu maji yakianguka sakafuni, akaona kitenge cha mke wake kikibadilika rangi kutoka magotini kwenda chini. Yule mzee wa bendeji aliinua miguu yake, akaiweka juu ya benchi.

"Yoo! Citoyenne!" Hélène alipiga kelele korido nzima isikie. "Hapa ni hospitali, haiko kwenu ku cité ya wafanyakazi!" Akaleta tambara, akalitupa chini. "Pangusa."

Amisa akapiga magoti na tumbo lake lile, akaanza kupangusa. Na Nasoro? Nasoro alisimama. Angeweza kuinama, angeweza kulichukua tambara, hata angeweza kusema neno moja tu la mwanaume. Alitazama picha ya Rais, kofia na fimbo, mpaka sakafu ilipokaribia kukauka. Mlango ukafunguliwa, Mama Clémentine akatoka akiwa amepandisha kitenge kisilowe, akasema, "Pole, mama, pole sana," na alikuwa na huruma kweli. Ni mvulana, alimwambia Hélène. Wakapigiana vigelegele.

* * *

Daktari wa mashine aliitwa Édouard, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimpaka Amisa mafuta baridi tumboni, akapitisha chombo chake huku na huku. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na ukungu wa kijivu, kama vumbi la chokaa lori likipita kiangazi. Akakunja uso.

"Mayi iko wapi? Kibofu iko mutupu."

"Ilimwagika, docteur," alisema Nasoro.

Daktari Édouard akautazama mlango, akakitazama kitenge kilicholowa, akaelewa. Aliona haya, hilo lazima lisemwe. Alikuwa mtu wa kwanza kuwaeleza. "Mashine hii inaonaka kupitia mayi, sawa vile mutu anaangalia mu dirisha. Kibofu ikijaa, inasukuma matumbo kando, na minye naona nyuma yake. Mayi tupu ingeonekana nyeusi, safi, na ngozi nyembamba. Nyama ingeonekana vipande vipande. Sasa dirisha ilifungwa. Hapa naona kivuli. Inaweza kuwa kipande ya nyama, inaweza kuwa utumbo tu inapita mbele. Shiwezi kuapa." Akaupangusa ule mkono wa mashine. "Murudi kesho kutwa. Anywe tena. Minye mwenyewe nitasema aingie wa kwanza, hata kama mama wa mkubwa gani anakuya."

Nasoro akafungua mdomo kusema ndiyo. Amisa akamshika mkono.

"Shitarudi," alinong'ona. "Ile benchi, Nasoro, shitarudi hata unichinje. Na shitaki kukula saumu siku ingine. Nimekula leo, na nimepata nini? Mama yako atasema nini?"

"Ni siku moya tu."

"Hata moya."

Nasoro akafikiri, kama mtu anavyofikiri akiwa amechoka na ameaibika. Akamwona mkubwa wake wa kazi, ambaye ruhusa ya leo tu aliitoa kama anang'olewa jino. Akakisikia kikohozi cha mama yake mlangoni. Akamwona mke wake amelala pale na mafuta tumboni, ananuka, anajificha uso na kiganja. Akamwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyomponza.

"Docteur," alisema, "andika tu ile uliona. Mupasuaji iko na akili, atajua."

"Una hakika, citoyen? Kivuli haiko jibu."

"Andika tu."

Daktari akaandika. Yalikuwa maneno machache ya Kifaransa, na maana yake ilikuwa kwamba haijulikani, huenda ni nyama. Njiani kurudi nyumbani Amisa alimshukuru mume wake. Alisema Mungu amempa mwanaume anayejua kusikiliza.

* * *

Siku ya kupasuliwa, Nasoro alingoja koridoni tasbihi mkononi. Mpasuaji alipotoka alimwita kwenye chumba kidogo cha kuoshea vyombo. Kulikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa. Akakifunua.

Ndani mlikuwa na mfuko mwembamba kama kibofu cha mbuzi, umechanwa, na maji. Maji meupe, safi, unaona mpaka chini ya beseni.

"Ilikuwa mayi tu," alisema mpasuaji. "Hamna nyama hata kidogo."

"Alhamdulillahi!" Nasoro akajikuta anacheka. "Alhamdulillahi, docteur! Basi atazala!"

Mpasuaji akageuka kwenye bomba, akaanza kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshanawa. "Sikia, citoyen. Ile karatasi ilisema huenda ni nyama. Nyama mubaya ukiipasulia mu tumbo inamwagika, mugonjwa anakufa. Nilitoa yote nzima nzima, njo nikafungua hapa inje."

"Yote gani, docteur?"

"Yote. Pande zote mbili, na nyumba ya mutoto."

Bomba likaendelea kutiririka. Nasoro alilitazama beseni, akatafuta ndani yake kitu ambacho kingeweza kurudishwa.

"Kama mungeniletea picha safi," mpasuaji alisema, si kwa ukali, "ningetoa ule mufuko tu, tungemaliza mbio. Lakini iko muzima. Bengine habatokaka bazima. Utamwambia weye, juu weye njo bwana yake."

"Aksanti, docteur," alisema Nasoro.

Alishukuru! Mdomo wake ulizoea. Alikuwa ameshafika barabarani, nje ya geti, ndipo alipousikia mwenyewe.

* * *

Amisa alipopata fahamu sawasawa, Bi Fatu alikuwa upande mmoja wa kitanda na Nasoro upande mwingine.

"Walikuta nini?" aliuliza Amisa. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka.

Nasoro alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Alikusudia kuanza na la maji, kisha aendelee na yale mengine. "Mayi," alisema. "Ilikuwa mayi tu."

Hakuendelea. Angeendeleaje? Amisa alikuwa ameshaanza kulia, anacheka na kulia pamoja, ameushika mshono wake usifumuke. Na Bi Fatu, yule yule mwenye kukohoa, alipiga kigelegele ndani ya wodi mpaka Hélène akaja kumkemea. Wote walikuwa wamelishika lile neno la mpasuaji: ikiwa ni maji, atazaa. Nasoro hakuwa amesema uongo. Alikuwa amesema ukweli na akanyamaza, na kimya chake kikawa kikubwa kuliko uongo wowote.

Nitamwambia mshono ukipona, alijiambia. Mshono ukapona. Nitamwambia Idi ikipita, nisimharibie sikukuu. Idi ikapita. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii ilikuwa ya woga, kila siku inapata sababu yake. Akaanza kuomba safari za ziada za Kakontwe. Wenzake walidhani anatafuta kupandishwa cheo.

Damu ya mwezi haikurudi, na Amisa hakushtuka. Hélène alikuwa amemwambia siku ya kutoka hospitalini kwamba mwanamke akipasuliwa, damu inakawia. Pengine hakujua zaidi. Pengine alijua na hakuona kwamba ni kazi yake.

Nguvu zilipomrudia, katikati ya baridi, Amisa akaanza kulipa saumu alizokula. Alizilipa mfululizo, kwa furaha, kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Kila alfajiri aliamka peke yake kula daku, na kila jioni Bi Fatu alikuwa wa kwanza kumpelekea maji. Maana Bi Fatu alikuwa amerudi kwenye hesabu zake. Wiki ya kwanza, mkaza mwana hakukatiza. Ya pili, hakukatiza. Tena usiku Amisa alikuwa akishikwa na joto la ghafla, anatupa blanketi wakati Likasi nzima inatetemeka, uso umelowa jasho. "Ile joto!" Bi Fatu alimnong'oneza jirani, lakini kwa mnong'ono wake unaofika mtaa wa pili. "Ilinishikaka vile na mimba ya Nasoro. Ileile!" Akamkataza Amisa kubeba ndoo. Akaitoa sandukuni ile kofia yake ya sufi, akaanza kufuma tena kutoka pale alipoachia.

* * *

Jioni ya saumu ya mwisho Nasoro alirudi kazini na chokaa kwenye nyusi. Mama yake alimpokea mlangoni, akamfuta uso kwa kanga yake, jambo ambalo hakulifanya tangu Nasoro akiwa mdogo.

"Ingia, baba, ingia. Bibi yako iko na neno," alisema, akaenda jikoni akiimba.

Amisa alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kitenge kipya, mikono kwenye mapaja. Miezi mingi Nasoro hakuwa ameuona uso ule ukiwa hivyo.

"Leo njo ya mwisho," alisema. "Nililipa zote. Hata siku moya haikukatika, Nasoro. Unaelewa?"

Nasoro alivua kofia, akaikung'uta chokaa.

"Aka! Wanaume! Mama alielewa mbele yangu mwenyewe." Akacheka, kisha akaacha. "Hauna furaha?"

Nasoro akakaa sakafuni palepale, na chokaa yake. "Amisa," alisema. "Walitoa yote."

"Yote gani?"

Maneno yale yale ambayo Nasoro alimuuliza mpasuaji. Basi akamjibu kama alivyojibiwa: pande zote mbili, na nyumba ya mtoto. Akamwambia juu ya beseni. Akamwambia picha ingekuwa safi wangetoa mfuko peke yake. Alisema yote kwa pumzi moja, macho kwenye mkeka, na alipomaliza alingoja kelele. Hazikuja.

"Daktari wa mashine alisema turudi," alisema Amisa.

"Ee."

"Minye njo nilikatala. Juu ya siku moya."

"Hapana. Minye njo nilisema aandike."

"Minye nilikatala, Nasoro." Alilirudia polepole, kama anamfundisha mtu. Kisha akainua macho. "Na weye ulijua. Hizi siku zote nikafunga, mama yako akafuma kofia, na weye unaniangalia tu. Sawa vile uliniangalia nikipangusa."

Kutoka msikitini sauti ya Mwalimu Assumani ilianza kuadhini Magharibi. Bi Fatu akasukuma pazia, ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, anatembea kwa uangalifu yasimwagike.

"Jua imezama! Kunywa, mama, kunywa," alisema. Hakuwahi kumwita Amisa mama kabla ya siku ile. "Usichelewe. Usimuumize mutoto na njala."

Nasoro akafungua mdomo. "Mama, ngoja nikuambie—"

"Nyamaza weye," alisema Amisa. "Ulijua kunyamaza, nyamaza."

Akakipokea kikombe, akasema bismillahi, akaanza kunywa. Bi Fatu alimsimamia, mkono juu ya kichwa chake, akimbembeleza kama mtoto anayekunywa dawa.

"Kunywa yote," alimwambia. "Yote, mama."

Amisa akanywa yote, macho yake yakimtazama Nasoro juu ya ukingo wa kikombe, mpaka maji yakaisha.